Jina Kwanza, Udongo Baadaye

Kasimiro Mogga alikuwa amechoka na wafu. Si kwamba aliwaogopa. Mtu aliyesimamia maziko ya watu mia moja thelathini na saba hana tena maiti ya kumtisha. Alichoka nao tu, kama mtu anavyochoka na wageni wasiojua kuaga. Tangu watu waliporudi kutoka uhamishoni, haikupita wiki bila mtu kupiga hodi nyumbani kwake katika kijiji cha Aroi na swali lilelile: Mzee, baba yangu umemwandika? Mzee, dada yangu alilala upande gani wa mto? Naye angetoa kitabu sandukuni, angevaa miwani yake yenye mguu mmoja wa waya, angetafuta. Mwishoni angepewa asante. Asante ni neno zuri, lakini halijawahi kunyoosha mgongo wa mtu.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha serikali, kile kikubwa chenye jalada gumu, cha kuandikia vizazi na vifo. Mwaka 1980, mwezi wa kumi, askari wa serikali walipoingia West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na watu wakakimbilia Zaire na Sudani, kila mmoja alibeba alichoona kina maana. Wengine walibeba redio, wengine mbuzi. Kasimiro, karani wa gombolola, yaani kata, ya Dranya, alibeba kitabu. Mkewe, Mungu amrehemu, hakumsamehe kwa hilo mpaka anaingia kaburini, kwa sababu nyuma walikuwa wameacha sufuria mbili nzuri. Upande wa vizazi haukupata kazi kubwa huko njiani. Upande wa vifo ulipata.

Siku za mwanzo walizika kwanza na kuandika jioni. Jioni moja wakakaa, kalamu iko tayari, na hakuna aliyekumbuka jina la mzee waliyemzika asubuhi. Aliyemjua alikuwa ametangulia na kundi jingine. Jambo hilo lilimkereketa Kasimiro hadi akaweka kanuni, na alikuwa mkali nayo kuliko padri na ubatizo: jina kwanza, udongo baadaye. Hakuna jembe kurudisha udongo shimoni kabla yeye hajaandika jina la marehemu, jina la mzazi, kijiji chake, na kaburi liko hatua ngapi kutoka wapi. Watu walinung'unika. Huku risasi zinalia, huyu anauliza jina la babu! Lakini walitii, na baadaye ndio haohao waliokuja Aroi kupiga hodi.

Sasa ulikuwa mwaka 1997, miguu ya Kasimiro ilivimba ikifika jioni, na alitaka kitu kimoja: mtu mwingine awapokee hao wafu.

Mtu huyo alipatikana. Helen Driciru, binti wa mtaa wa Mvara mjini Arua, alisomea kazi ya maktaba Kampala, na maktaba ya chuo kikuu ikamrudisha kwao na mashine tatu: kompyuta, skana ya kupiga picha karatasi, na jenereta ya kuzilisha hizo mbili, maana umeme wa Arua ulikuwa jambo la kuzungumzwa zaidi kuliko la kuonekana. Katika barua rasmi kazi yake iliitwa hifadhi ya kidijitali ya historia ya West Nile. Mtaani waliiita mashine ya Helen. Watu walimletea vitabu vya baraza za machifu, barua za misheni, picha za harusi zilizoliwa na unyevu. Mzee mmoja alimletea leseni ya baiskeli ya mwaka 1958 akataka ikahifadhiwe mbele kabisa.

“Kitabu inabaki yako, Mzee,” Helen alimwambia Kasimiro siku ya kwanza, katika chumba cha nyuma alichoazimwa huko Mvara. Yeye Mlugbara, Kasimiro Mkakwa, kwa hiyo walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na kiraka chake. “Mimi napiga picha tu. Picha inaingia kwa kompyuta, halafu kwa sidii, ile sahani ndogo ya kung'aa, halafu inaenda maktaba Kampala. Hata mchwa ikikula kitabu, hata moto, majina iko.”

“Na watu hapana kuja tena kwangu?”

“Watakuja kwangu.”

Kasimiro nusura amwombee baraka palepale.

Palikuwa na sharti. Maandishi yalikuwa yamefifia kwa jasho na mvua, kwa hiyo ilibidi Kasimiro asome kila jina kwa sauti na Helen aandike kwenye kompyuta. Karatasi yenyewe haiguswi, hata kama ina makosa. Kosa likionekana, maelezo yanawekwa pembeni. Na mwisho wa kazi kulikuwa na fomu: mwenye kitabu anatia saini kwamba aliyoyasoma ndiyo kweli kwa kadiri anavyojua.

“Ikisha saini, imekwisha,” Helen alisema. “Haibadiliki tena.”

Kasimiro alisema ni vizuri. Alisema haraka kidogo.

Walisoma siku nne. Mchana jenereta ilipiga kelele nje ya dirisha, na Kasimiro alisoma juu ya kelele hiyo, majina ya watoto, majina ya wakwe, majina ya watu aliokula nao na watu ambao hakuwahi kuwaona wakiwa hai. Kila baada ya karatasi tano alivua miwani, akafuta macho, akasema ni moshi wa jenereta. Helen hakubisha. Siku ya pili walifika arobaini.

“Arobaini na moja. Lokule, mtoto wa Paska, Dranya. Kaburi ya juu, hatua tisa kutoka kichuguu. Arobaini na mbili. Zubeiri, Koboko mjini. Kaburi ya chini, hatua kumi na nne kutoka hiyo ya juu, karibu na mto. Arobaini na tatu...”

Alizipita hizo mbili kama mtu anavyopita nyumba yenye mbwa mkali, bila kukimbia lakini bila kugeuza shingo. Helen aliandika, akageuza karatasi, wakaendelea.

Yangeishia hapo kama si mlango. Helen alikuwa na tabia ya kubandika mlangoni orodha ya majina yaliyokwisha kuingia, ili apitaye asome. Siku ya nne, zikiwa zimebaki karatasi mbili tu, mama mmoja mwenye ushungi wa kijani alisimama mbele ya orodha hiyo kwa muda mrefu, kidole chake kwenye mstari mmoja. Halafu akaingia bila kubisha. Alikuwa Sadiya, muuza nguo za mitumba wa soko la Arua.

“Salam alekum. Hii jina ya Zubeiri, nani aliandika?”

Helen alimwonyesha Kasimiro kwa mkono. Sadiya alimtazama yule mzee kama mtu aliyeona maji baada ya mwendo mrefu, akavuta kiti akakaa mbele yake.

“Ni kaka yangu. Sisi tulipita njia ya Sudani, yeye alipita Zaire na wenzake. Tulisikia tu amekufa. Nani alizika, wapi, hakuna mutu anajua. Mwaka ile jana mutu moja aliniambia ile mahali, nikaenda. Mzee, maji tu. Hapana kaburi, hapana hata jiwe.” Alielekeza kidole mlangoni. “Sasa hapa imeandikwa kaburi ya chini, karibu na mto. Kumbe kweli. Mama yetu alikufa na kuuliza. Mimi nataka kusoma hitima, lakini nataka kujua kwanza. Wewe ulikuwa pale. Kaka yangu, maji ilibeba?”

Swali lilikuwa fupi, na jibu lake pia lingekuwa fupi. Ndiyo, mama, maji ilibeba. Mama huyu angelia, angekwenda kusoma hitima yake, Helen angegeuza karatasi mbili zilizobaki, na kabla ya adhuhuri Kasimiro angekuwa ametia saini. Alifungua mdomo kusema ndiyo.

“Nipe siku tatu,” alisema.

“Siku tatu ya nini?”

“Mimi ni mzee. Nataka kukumbuka vizuri.”

Sadiya aliinuka taratibu, akasema atarudi Ijumaa baada ya swala. Alipotoka, Helen alizima mashine ingawa petroli ilikuwa bado ipo. Hakuuliza kitu. Binti wa watu alikuwa na adabu, na pia alikuwa na macho.

Ukweli ni kwamba Kasimiro hakuwa na haja ya kukumbuka. Tangu mwaka 1987 alikuwa anahangaika kusahau.

Vijana hao wawili, Lokule na Zubeiri, walikufa usiku mmoja mwaka ule wa 1980, wote kwa kuhara damu, ng'ambo ya mpaka, kundi likiwa limegawanyika. Wanawake na watoto walikuwa wametangulia, Paska akiwa pamoja nao, na wanaume wachache walibaki na wagonjwa. Alfajiri yalichimbwa makaburi mawili kwenye mteremko, moja juu karibu na kichuguu, moja chini kuelekea mto. La juu lilikuwa la Lokule, Mkristo. La chini lilikuwa la Zubeiri, ambaye shehe aliyekuwa katika kundi alimwosha na kumfunga katika shuka nyeupe, shuka pekee nyeupe waliyokuwa nayo. Kasimiro, kwa kanuni yake, aliandika: jina kwanza. Halafu mvua ikashuka. Akafunga kitabu ndani ya nailoni, akakiweka chini ya shati.

Kaburi la chini likaanza kujaa maji. Shehe akasema hawezi kumlaza mtu aliyekwisha kutoharishwa ndani ya tope, na akaomba wabadilishane. Lokule alikuwa amefungwa kwenye mkeka, na mkeka haujali maji. Wote walimtazama karani.

“Badilisheni,” Kasimiro alisema. “Nitarekebisha kwa kitabu.”

Shehe mwenyewe aliingia shimo la juu, akachonga mwanandani, shimo dogo la ubavuni wanamolazwa Waislamu, kwa jembe la kuazima, akamlaza Zubeiri kwa ubavu wa kulia, uso umeelekezwa kibla. Wakafunika. Wakafunika na la chini. Mvua haikukatika siku mbili, na siku ya tatu walikuwa wakizika wengine. Nitarekebisha. Waswahili husema ahadi ni deni, lakini karani aliyelowa mpaka kwenye mifupa ana madeni mengine ya kuwaza, kama vile atalala wapi.

Kama ni kusahau tu, angesameheka. Lakini mwaka 1987 Paska alikuja na watu wa ukoo wake, wakataka kumrudisha Lokule nyumbani Dranya. Kasimiro akawaongoza, kitabu mkononi, akahesabu hatua tisa kutoka kwenye kichuguu. Kwa desturi ya ukoo huo mifupa haitazamwi. Wanaume hushika shuka juu ya shimo na kugeuza nyuso zao, wanawake hukaa mbali, na mtu mmoja asiye wa damu yao hushuka kuikusanya. Aliyeshuka alikuwa Kasimiro. Na kule chini, kwenye kivuli cha shuka, akakuta mwanandani ubavuni mwa shimo, na mtu amelala kwa ubavu wa kulia, uso wake kaskazini ukiegemea mashariki kidogo.

Hapo mvua yote ya siku ile ilimrudia. Akainua kichwa kidogo, akatazama mteremko hadi chini. Kaburi la pili halikuwapo. Mto ulikuwa umekula ukingo miaka hiyo saba, na pale palipotakiwa kuwa hatua kumi na nne palikuwa maji, yanapita zake. Askari wa mpakani walikuwa wamewapa ruhusa mpaka saa sita mchana tu. Mbuzi alikwisha kuchinjwa. Na kule mbali Paska, aliposikia jembe limenyamaza, alianza kulia, “Mtoto yangu, mtoto yangu, sasa twende nyumbani.”

Kasimiro akakusanya mifupa ya Zubeiri katika shuka, akampa mama wa Lokule.

Sasa, asubuhi ya Jumatano, alidandia lori la tumbaku lililokuwa linakwenda Koboko, akapanda juu ya magunia matupu, na kila shimo la barabara lilimpiga kwenye uti wa mgongo. Kutoka Koboko alikodi baiskeli mpaka Dranya. Njia nzima alitunga maneno. Yalikuwa maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho, na yote yalimtoka kichwani alipofika kwenye ua wa Paska.

Ua ulikuwa umefagiwa. Kaburi lilikuwa upande wa mihogo, limezungushiwa mawe, lina msalaba wa mti uliopakwa chokaa, na kando yake palikuwa pameachwa nafasi ya kaburi jingine. Paska alikuwa mama wa miaka kama sabini, mkavu, mwepesi, na alimfurahia sana. Kwake Kasimiro hakuwa mzee wa kupigiwa hodi na kuulizwa. Alikuwa mtu aliyemletea mtoto nyumbani. Kila mavuno alimpelekea kikapu cha ufuta.

“Karani! Karibu, karibu. Wewe umekonda. Huko Aroi hakuna mutu ya kupika?”

Alimpa kiti cha heshima, akampa maji, akaanza kumkimbiza kuku. Kasimiro alimwomba amwache kuku. Alimwomba mara mbili. Mara ya pili Paska alisimama, kwa sababu mgeni anayekataa kuku ana jambo.

“Mama Lokule,” Kasimiro alisema, akaweka maji chini. “Mimi nimekuja na neno mbaya.”

Akaeleza. Hakujua kuyapamba. Akasema mvua, akasema shehe, akasema mimi nilisema badilisheni. Akasema mwanandani. Paska alisikiliza amesimama, mkono mmoja kwenye nguzo ya jikoni. Alipofika kwenye mto, Kasimiro alisimama pia, kwa kuwa haikuwa vizuri kusema jambo hilo umekaa.

“Kwa hiyo huyu,” Paska alisema, akielekeza kidevu upande wa mihogo, “ni mtoto ya nani?”

“Anaitwa Zubeiri. Wa Koboko.”

“Mama yake iko?”

“Alikufa.”

“Alikufa anamtafuta?”

“Ndiyo. Dada yake ndiye anatafuta sasa.”

Paska alikwenda polepole mpaka kaburini, akasimama hapo akiwa amempa Kasimiro mgongo. Miaka kumi alifagia hapo kila asubuhi. Alipohitilafiana na wakwe zake, hapo ndipo alipokuja kushtaki. Kasimiro alijua yote hayo, maana kila alipopelekewa ufuta alisimuliwa, na kila aliposimuliwa aliitikia kwa kichwa na kula ufuta.

“Huyo mama ya Koboko,” Paska alisema, bila kugeuka, “yeye alikuwa anafagia nini?”

Kasimiro alivua miwani, akaishika mkononi.

“Mwambie huyo dada akuje.” Kisha akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, na hilo lilimtisha Kasimiro kuliko kilio. “Na wewe, ulijua lini? Leo?”

Hapa palikuwa na mlango wa kutokea. Angeweza kusema ameota, ameambiwa, amekumbuka juzi aliposoma kitabu. Ni nani angebisha? Wachimbaji wametawanyika, shehe alikufia Sudani.

“Siku ile,” alisema. “Ndani ya shimo.”

“Ndani ya shimo.”

“Ndiyo. Mama, nilikuhurumia.”

Paska alimtazama kama anamtafuta mtu aliyekuwa akimjua.

“Makosa ya mvua, Karani, mimi nasamehe,” alisema. “Mvua ni ya Mungu, kila mutu alikuwa anakimbia, hata mimi niliacha mtoto yangu na nyinyi. Lakini miaka kumi, hiyo hapana mvua.”

Akamfungulia lango la ua. Hakumtukana, hakumlaani. Alisema tu kwamba dada wa Zubeiri akija, aje na watu wake, na yeye Karani asimfuate. Kasimiro akapanda baiskeli ya kukodi. Alikuwa hajanywa hata yale maji.

Ijumaa baada ya swala Sadiya alikuja Mvara kama alivyoahidi. Kasimiro alimweleza naye yote, mbele ya Helen, na safari hii maneno yalitoka kwa mpango kwa sababu yalikwisha kuzoea njia. Alitegemea matusi. Angeyapokea. Lakini Sadiya aliinama akauficha uso wake mwenyewe kwa viganja viwili na kulia hapo alipokaa, na katika kulia kwake kulikuwa na kitu kama furaha, jambo lililomwumiza Kasimiro zaidi ya matusi, kwa kuwa alijua furaha hiyo imetoka kwenye ua wa nani.

Wiki iliyofuata Sadiya alikwenda Dranya na shehe na wajomba wawili. Aliporudi, alipita kwa Helen kuwapa habari, na Kasimiro alikuwapo.

“Hatukumhamisha,” alisema. “Shehe alisema mutu amechimbuliwa mara moja, inatosha, tusimsumbue. Alirekebisha kaburi tu, akasoma. Ule msalaba tulikuta yule mama amekwisha kuutoa yeye mwenyewe, ameweka ndani ya nyumba. Alituchemshia chai. Nilimwambia, mama, samahani, tumekunyang'anya. Akaniambia, hapana. Akaniambia, ‘Huyu nililia yeye vizuri. Kama ni wenu, basi mujue alililiwa vizuri.’”

Helen aligeukia dirishani. Sadiya alijifuta kwa ncha ya ushungi.

“Na wake?” Kasimiro aliuliza. “Lokule. Alisema nini juu ya Lokule?”

“Hakusema kitu. Nilimwambia sisi tunaweza kwenda naye mpaka ule mto, akatupe hata ua. Alisema magoti yake haifiki huko tena.” Sadiya alikunja ncha ya ushungi. “Nafasi yake, ile ya kando, alisema ibaki. Yeye bado atalala hapo. Alisema amezoea.”

Kasimiro aliuliza kama Paska amemtumia salamu. Sadiya alitazama mikono yake, akasema mama alikuwa amechoka siku ile, watu walikuwa wengi. Alikuwa mtu mwema huyo Sadiya, hakujua kudanganya vizuri.

Alipokwisha kuondoka, Helen aliwasha jenereta. Walimalizia karatasi mbili zilizobaki, kisha akarudi nyuma kwenye namba arobaini na moja na arobaini na mbili, akafungua pale pa maelezo ya pembeni, akaandika huku akisoma kwa sauti, kwa Kiswahili sanifu cha shuleni: makaburi haya mawili yalibadilishwa siku ya maziko kwa sababu ya mvua. Mifupa iliyochukuliwa mwaka 1987 kama ya Lokule ni ya Zubeiri. Kaburi la Lokule lilichukuliwa na mto.

“Imetosha, Mzee,” alisema. “Sasa saini.” Akasogeza fomu na kalamu.

Kasimiro hakuishika kalamu.

“Bado. Andika, mwandishi wa kitabu aliona kosa hilo mwaka 1987 akanyamaza miaka kumi.”

“Hiyo si lazima.”

“Andika.”

“Mzee, hii itasomwa. Itasomwa Kampala, itasomwa na watu hatuwajui. Watoto ya watoto yako watafungua jina yako na kukuta hiyo. Wewe ulibeba hii kitabu miaka yote, bila wewe hakuna jina hata moja. Kwa nini jina yako ndiyo ikae na uchafu?”

Kasimiro alijaribu kufikiri jibu zuri, la mtu msomi, na hakulipata. Miguu ilikuwa inamwuma. Nje watoto wa shule walikuwa wakiitana.

“Watu mia moja thelathini na saba nimewaandika,” alisema. “Wote wamekufa, hakuna moja anaweza kusema, Karani, hapo umekosea. Mimi bado iko hai. Mimi naweza kusema. Andika.”

Helen aliandika. Alipofika mwisho wa mstari mikono yake ilisimama juu ya vibonye. Alikuwa mfanyakazi wa maktaba, na kazi ilikuwa imekwisha kumwingia kwenye damu. Asingeweza kuacha jambo nusu.

“Mutu atakayesoma atauliza kwa nini,” alisema taratibu. “Niandike sababu gani? Niandike huruma?”

Ndilo neno alilomwambia Paska. Lilikuwa neno safi, na amelibeba miaka kumi, na kwa sehemu lilikuwa kweli. Lakini alikumbuka shimoni, alfajiri ikiwa imekwisha kuwa mchana, siku mbili hajalala, jasho linamwingia machoni. Alikumbuka alichokiwaza hasa alipoiona ile mifupa imelala kwa ubavu. Hakumfikiria Paska. Aliwaza kwamba akisema, itabidi kuanza upya, kuulizana, kutafutana mtoni, kulala hapo tena.

“Hapana huruma,” alisema. “Andika, alitaka kwenda nyumbani.”

Helen alimtazama, halafu akatazama kioo cha kompyuta. Akaandika hivyo, akahifadhi, na Kasimiro akavuta fomu akatia saini yake yote, jina la ubatizo na jina la ukoo.